Sifa za Bi Sayrakan Mbele ya Tume

Asubuhi ya siku ambayo tume ya madaktari ingemwona mtoto, Bi Sayrakan alimpamba mjukuu wake kana kwamba anampeleka arusini. Alimsuka mikia miwili iliyobana sawasawa, akamvika kizibao cha mahameli nyekundu juu ya gauni jeupe, akampaka masizi kidogo nyuma ya sikio ili kumkinga na jicho la hasidi. Kisha akarudi nyuma kumtazama, akatematema hewani kuufukuza uovu wowote uliokuwa ukivizia, akaridhika.

Aizat, mkaza mwana wake, alikuwa karibu na jiko akimimina chai. Kadiri mtoto alivyozidi kupendeza, ndivyo yeye alivyozidi kuiona safari yao ikiharibika.

Begaiym alikuwa na umri wa miaka sita. Mwaka uliotangulia daktari mmoja wa mji mkuu, Bishkek, alikuwa amemchunguza na kuandika kwamba ana usonji. Kilichobaki ni tume ya mkoa, mjini Naryn, kuamua kama hali hiyo inamstahilisha ruzuku ya ulemavu. Tena, mtoto akikubaliwa, serikali ilitoa pia posho kwa mtu mmoja wa nyumbani anayemlea, ili asilazimike kwenda kutafuta riziki mbali. Aizat alikuwa ameyasikia maneno hayo kutoka kwa mwanamke mmoja katika karakana ya ushonaji alikofanya kazi, na tangu siku hiyo hakuwahi kumaliza mshono bila kuyafikiria. Alikuwa amekaa Bishkek miaka mitatu akishona magauni ya watu asiowajua, kwa kuwa ujira wa mumewe, aliyechunga kondoo wa wengine, haukutosha nyumba. Tume ikikubali, atarudi kwao. Isipokubali, gari la Bishkek lilikuwa linaondoka alasiri ile ile, na kiti chake kilikwisha kuwekwa.

Lakini palikuwa na jambo moja lililoyafanya mambo yasiwe mepesi. Begaiym alikuwa kifungua mimba, na katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za bonde lile, kifungua mimba ni wa bibi. Siku arobaini zilipotimia baada ya kuzaliwa kwake, Bi Sayrakan alichinja kondoo, akakihamishia kitanda cha mtoto chumbani mwake, na tangu hapo mtoto akawa wake. Aizat aliendelea kumnyonyesha, ila kama mtu anayenyonyesha mtoto wa mwenziwe. Hakuna aliyeona kwamba ameibiwa. Kila mtu aliona kwamba ametunukiwa. Mbele ya mavyaa wake Aizat hakusema "mwanangu", wala hakumkumbatia mtoto kwa uhuru, na shangazi za mumewe walimtania wakimuuliza habari za wifi yake mdogo. Utani huo haukumuuma hata kidogo. Ulianza kumuuma kule Bishkek, wakati wa mapumziko ya mchana, wanawake wenzake walipotoa simu zao kuonyeshana picha za watoto, naye akawa hajui aseme huyu ni nani wake.

Aliweka bakuli la chai mbele ya mavyaa wake kwa mikono miwili.

"Mama," alianza kwa sauti ya chini, "wale madaktari wanataka kujua yale yanayomshinda. Yale anayoyaweza hawayahitaji sana."

"Yanayomshinda yepi?"

"Kuna usingizi, Mama. Kuna chakula. Kuna mambo ya mto."

Bi Sayrakan alilitua bakuli. "Kwa hiyo nifunge safari mpaka mjini nikamsengenye mtoto wangu mbele ya watu wenye makoti meupe? Wewe umekaa huko mpaka umesahau ulikotoka. Ubaya wa mtoto hautajwi, ukitajwa unaitika. Kunywa chai yako twende."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini ingekuwa kumwonea Bi Sayrakan kusema kwamba alikuwa akificha maradhi, kwa sababu yeye hakuyaona. Alimwona Begaiym tu. Alikuwa ameyazoea mahitaji ya mtoto yule kama mtu anavyozoea kizingiti cha mlango wake mwenyewe, ambacho hukiruka gizani bila kukifikiria na kushangaa mgeni anapojikwaa. Na kwa kuwa mkaza mwana mwenye adabu habishani na mavyaa wake, Aizat alikunywa chai yake, na wakaenda.

Jirani yao Temir aliwapeleka kwa gari lake. Ilikuwa majira ya kondoo kuzaa, barabara ilijaa matope na milima bado ilikuwa na theluji mabegani. Mume wa Aizat alikuwa ng'ambo ya pili ya mlima na makundi yake, mahali ambapo simu haishiki. Njia nzima Begaiym aliegemeza sikio kwenye kioo, akavuma pamoja na injini, na injini ilipobadilisha sauti mlimani naye alibadilisha yake, bila kukosea.

*

Tume ilikuwa na watu wawili na muuguzi mmoja wa kuandika kumbukumbu. Mwenyekiti aliitwa Daktari Uulkan, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya kuchoka, ambaye siku hiyo alikwisha kuona watoto wengi na wazazi wengi zaidi. Pembeni yake aliketi kijana mtaalamu wa saikolojia, jina lake Ermek, aliyekuwa na tabia ya kutikisa kichwa kabla mtu hajamaliza kusema.

Shughuli ilianza kwa kukwama. Muuguzi alimwomba Aizat ataje jina kamili la bibi aliyefuatana nao, na Aizat akanyamaza, kwa sababu mkaza mwana halitamki jina la mavyaa wake, hata akiulizwa na serikali. Alitoa kitambulisho cha Bi Sayrakan mkobani akakisukuma mezani kwa ncha za vidole. Muuguzi, ambaye naye aliolewa bonde lile lile, alikipokea bila kuuliza la pili.

"Nani mama wa mtoto?" aliuliza Daktari Uulkan.

"Mimi," alijibu Bi Sayrakan.

Daktari alitazama karatasi, akamtazama Aizat aliyeinamisha macho. "Nauliza aliyemzaa, Mama."

"Aliyemzaa ni huyu. Lakini mama ni mimi."

"Usihangaike, Daktari," alisema Ermek. "Hata mimi nililelewa hivyo. Mama yangu mzazi mpaka leo namwita dada, na akinituma dukani nakataa."

Daktari Uulkan alicheka kidogo, akaanza maswali. Na Bi Sayrakan, aliyekuwa ameketi wima kama aliyealikwa kwenye kiti cha heshima, akaanza kumsifu mjukuu wake.

Aliulizwa juu ya usingizi, akasema mtoto analala kama mwanakondoo. Aizat, ambaye kila alipokuja likizo alisikia miguu ya watu wawili ikizunguka jiko kabla ya alfajiri, mmoja mzito na mmoja mwepesi, alitazama sakafu. Aliulizwa juu ya chakula, akasema mtoto hula kila kinachopikwa. Ukweli ni kwamba kila kilichopikwa katika nyumba ile kilikuwa ni kile Begaiym alichokubali: viazi ambavyo havikuguswa na nyama, maziwa ya mgando, na mkate uliomegwa kwa mkono, kwani uliokatwa kwa kisu aliusukuma mbali kana kwamba ni jiwe. Bi Sayrakan mwenyewe alikuwa hajala nyama kwake kwa muda mrefu, wala hakuwa amelitambua hilo.

"Anaongea?" aliuliza Ermek.

"Anajua maneno mengi kuliko anayoyasema. Si mropokaji kama watoto wa siku hizi."

"Anacheza na wenzake?"

"Wenzake ndio hawajui kucheza naye."

Ermek aliinama kuficha tabasamu. Wakati huo Begaiym alikwisha kuvua viatu, akawa anauzunguka ukuta akiugusa kwa kiganja, polepole, kama mtu anayepima joto la farasi. Alipofika mezani alimshika Daktari Uulkan kifundo cha mkono, bila kumtazama usoni, akamvuta mpaka mlangoni na kuuweka mkono wake juu ya kitasa.

"Unaona?" alisema Bi Sayrakan kwa furaha. "Anakusalimia. Hana kiburi na wageni."

Daktari alirudi kitini, mlango ukabaki umefungwa. Begaiym akaona kwamba watu hawa hawaelewi, akachukua hatua ambayo kijiji kizima kiliifahamu.

Katika nchi ile, watu wakimaliza kula au kuzungumza, hufungua viganja, huomba baraka, kisha huvuta mikono usoni wakisema "Oomiyin", na hapo jambo limekwisha. Aliyekuwa akinyoosha mkono kwenye mnofu wa mwisho huurudisha. Aliyekuwa na hoja huimeza. Kati ya desturi zote za watu wake Begaiym alikuwa ameichagua hii moja, na aliielewa nguvu yake kuliko mtu yeyote. Jambo likimchosha, alilifunga. Alikwisha kufunga arusi mbili kabla ya nyama kuletwa. Aliwahi kuufunga mkutano wa kijiji juu ya maji ya kumwagilia, ugomvi ukiwa umepamba moto, na watu wakakubaliana baadaye kwamba kile ndicho kikao pekee cha maana kilichofanyika mwaka ule.

Sasa alisimama katikati ya chumba, akafungua viganja vyake vidogo. Kwa sauti nzito, sauti ya Bi Sayrakan hasa, pamoja na mkwaruzo wake, akasema: "Oomiyin." Akavuta mikono usoni.

Mikono ya Daktari Uulkan ilipanda yenyewe. Ya Ermek ikapanda, ya muuguzi, ya Aizat. Wote wakajipangusa nyuso, viti vikasogezwa, na mwenyekiti wa tume alikuwa amekwisha kunyanyuka nusu na kukusanya miwani yake ndipo alipokumbuka kwamba yuko kazini. Alibaki hivyo kidogo, hajaketi wala hajasimama. Halafu akaangua kicheko. Ermek alicheka mpaka akaegemea ukuta, na muuguzi akafuta machozi kwa pindo la koti.

Bi Sayrakan aliwatazama kama jemadari aliyeshinda. "Haya. Mtoto anayefunga vikao vya wakubwa, nyinyi mnasema ana ulemavu gani?"

Kicheko kilipungua. Daktari Uulkan aliketi, akaifuta miwani, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya upole uliomtia Aizat hofu.

"Mama, umetufurahisha, na mtoto ni mzuri kweli. Lakini nisikilize. Karatasi ya Bishkek inanitajia jina la hali yake. Sheria inaniuliza jambo jingine: kila siku, nyumbani, anahitaji msaada kiasi gani. Na kwa maneno yako hahitaji. Mimi siwezi kuandika nisichoambiwa." Akamgeukia Aizat. "Na wewe je? Una la kuongeza?"

Aizat alikuwa na mengi ya kuongeza. Lakini mkaza mwana anayemwita mavyaa wake mwongo mbele ya wageni hana nyumba ya kurudi, hata kama serikali itamlipa ili arudi. Aliitazama saa ya ukutani. Alasiri haikuwa mbali. Akaliona gari la Bishkek, kiti cha dirishani, taa nyeupe za karakana, na nguo zinazopita mbele yake kama mto usio na samaki. Na katikati ya kukata tamaa huko likamjia wazo jepesi ajabu: hakuna haja ya kupinga. Kukubali kunatosha.

"Aliyoyasema Mama ndiyo hayo hayo," alisema, macho yake bado chini. "Nami nimefurahi kuyasikia. Kama mtoto analala vizuri, anakula kila kitu, wala hasumbui, basi namwomba Mama ruhusa niondoke naye leo. Kiti changu kinatutosha wawili. Mchana nitamweka chini ya cherehani, atacheza na vitambaa."

Alikuwa ameyaanza maneno hayo kama mtu anayetega mtego. Kabla hajayamaliza, alijisikia akisema kweli. Alimtaka. Angemchukua hivyo hivyo, kwa miguu mitupu.

Kumwomba bibi amrudishe kifungua mimba ni jambo ambalo watu wa bonde lile hulisimulia kwa kunong'ona. Uso wa Bi Sayrakan ulibadilika rangi mpaka ukakaribia ile ya kizibao cha mtoto.

"Utamweka wapi?"

"Chini ya cherehani, Mama."

"Ziko cherehani ngapi mle ndani?"

"Nyingi, Mama."

"Nyingi!" Bi Sayrakan aliinuka. "Huyu ambaye Temir akiwasha msumeno ng'ambo kule, mimi namfunika masikio kwa mikono yangu mpaka Temir amalize, na nikiondoa mkono mmoja tu nijikune pua anapiga kichwa ukutani? Wewe utashona kwa mikono gani? Na usiku utamlazaje? Unajua kulala kwake wewe? Anaamka kila jogoo anapogeuka! Nazunguka naye jiko, nazunguka, huku nimeshika nywele zake, maana ukimwachia nywele analia mpaka anatapika. Na utamvisha nini? Huko Bishkek kwenu kila kitu kina vifungo. Havai kifungo huyu! Hiki kizibao nimekishona kwa ndani, unaona? Hakuna kifungo, ni pambo tu. Chini ya cherehani! Kuna sindano huko chini. Akidungwa na sindano hasemi. Alivunjika kidole mwaka juzi, hakulia. Mimi ndiye niliyejua, kwa vile alikataa kumegewa mkate. Wewe ungejuaje?"

"Nisingejua, Mama," alisema Aizat, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Bi Sayrakan hakusimama hapo. Alieleza habari za viazi na nyama, za kisu na mkate, za jinsi anavyomwogesha kwa kitambaa kwa kuwa maji yanayomwagika yanamtisha. Na alipoona kwamba maneno hayatoshi alimshika muuguzi kichwa, akamwonyesha hasa namna ya kuziba masikio ya mtoto kwa vidole vya kati bila kumbana taya. Ermek aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, mambo ya mto ni yapi. Akaambiwa kwamba Begaiym haoni tofauti ya nchi kavu na maji. Kwamba majira ya theluji kuyeyuka anaufuata mlio wa mto kama vile ameitwa, na kwamba kwa hiyo Bi Sayrakan hufunga kamba ya sufu kutoka kiunoni mwake mpaka kiunoni mwa mtoto, wakakamua ng'ombe pamoja, wakaoka mkate pamoja, na hata msalani huenda pamoja, naam, na asicheke mtu.

"Na ule mkono?" aliuliza Daktari Uulkan taratibu. "Aliponishika akanipeleka mlangoni?"

"Alitaka kutoka. Hajui kuomba. Anauchukua mkono wako kama unavyochukua ufunguo."

Ndipo akaisikia kalamu ya Ermek. Ilikuwa ikikwaruza haraka haraka juu ya karatasi, na ilipofika mwisho wa mstari ikaruka kuanza mwingine. Bi Sayrakan alimtazama Ermek, akamtazama daktari, kisha akamtazama Aizat, mtazamo mrefu.

"Umenisemesha," alisema.

Aizat aliokota viatu vya mtoto, akavipakata.

Bi Sayrakan aliketi, akavuta ncha ya kitambaa cha kichwa akajiziba mdomo. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee. Alinong'ona kwamba amemvua mtoto wake nguo mbele ya watu.

"Hukumvua, Mama," alisema Daktari Uulkan. "Umetufundisha namna ya kumvisha. Kuna watu wazima nawajua hawana mtu anayejua nusu ya hayo juu yao." Akavuta karatasi karibu, akapiga mhuri, na mhuri ulipolia Bi Sayrakan alikwisha kuyaziba masikio ya mjukuu wake, kwa vidole vya kati, bila hata kugeuza kichwa. Ermek aliliandika na hilo.

Ruzuku ya mtoto ilikuwa imepita. Ilibaki posho ya mlezi, na daktari alieleza kwamba mwenye pensheni, kama Bi Sayrakan, hawezi kulipwa. Anayeandikwa sharti awe mtu mwingine wa nyumbani, asiye na kazi mahali pengine, anayeishi na mtoto chini ya paa moja. Aliuliza aandike jina la nani.

Aizat alijua jina hilo. Alijua pia kwamba si lake kulitoa. Mtu aliyempa mwenzake kitu siku ya arobaini, mbele ya kondoo aliyechinjwa, hawezi kunyoosha mkono akakichukua kwa sababu ya karatasi. Alisubiri. Begaiym alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, shavu kwenye ubao wa sakafu, akisikiliza mabomba ya kupashia chumba joto.

Bi Sayrakan alikitoa kile kitambaa mdomoni.

"Andika huyu."

"Nimwandike kama nani wake?"

Bi Sayrakan aliinama kumtazama mtoto chini ya meza.

"Mama yake," alisema Bi Sayrakan. "Andika mama yake. Lakini usiandike mahali popote kwamba mimi si mama yake."

Daktari Uulkan alimhakikishia kwamba serikali haikuacha nafasi ya kuandika jambo hilo, kwa hiyo hata angetaka asingeweza.

*

Walitoka nje. Temir aliwasoma nyuso, akaona afadhali ashughulike na tairi. Ndani ya gari Bi Sayrakan alimpakata Begaiym, akatazama milima, na Aizat, aliyeketi kando yake na barua ya tume kifuani ndani ya koti, hakujua kama ana haki ya kufurahi. Mji uliisha. Mashamba yalianza, yakiwa yamejaa wanakondoo wasiojua bado kutumia miguu yao.

"Ungemchukua kweli?" aliuliza Bi Sayrakan ghafla, bila kugeuka.

Aizat alifikiri juu ya majibu kadhaa yenye adabu. "Ningemchukua, Mama," alisema.

"Bila ruhusa yangu?"

"Ningeiomba mpaka uchoke."

Mabega ya Bi Sayrakan yalianza kutikisika, na Aizat alidhani amemliza, mpaka aliposikia ule mkwaruzo wa koo na kugundua kwamba mavyaa wake anacheka. Alicheka akijipiga paja, akacheka akimtaja Temir na msumeno wake, akacheka akikumbuka kichwa cha muuguzi. "Chini ya cherehani!" alisema, akashindwa kuendelea. "Miaka saba nakulaumu moyoni kwamba mwanangu ameoa bubu. Kumbe ulimi unao, umeufungia tu sandukuni. Haya, mshike. Paja langu limekufa ganzi."

Akamwinua Begaiym, akamweka juu ya magoti ya Aizat, mbele ya Temir na mbele ya dunia nzima. Mtoto alijigeuzageuza akitafuta mahali, akasukuma kiwiko kilichomkera, akaona kwamba koti lina vifungo. Alianza kuguna. Aizat alilivua papo hapo, dirisha likiwa wazi na upepo wa theluji ukiingia, akalitupa miguuni pamoja na barua ya serikali ndani yake. Na Begaiym akaegemeza sikio lake kifuani pake, pale palipokuwa na sauti, akaanza kuvuma nayo.

"Mshike na nywele," alisema Bi Sayrakan. "Si hivyo. Karibu na shingo. Ee, hapo."

Habari haikai ndani ya gari. Walipofika kijijini Temir alikwisha kupiga simu, na wanawake wa majirani walikuwa wameanza kuingia uani wakiwa wamebeba siagi na maandazi ya kukaanga, wakidai kupewa chochote, kama desturi ilivyo, kwa sababu wao ndio wa kwanza kuja kupongeza. Bi Sayrakan alikalia kiti cha heshima. Aizat, akiwa anapita na mabakuli ya chai, alisikia kwamba mavyaa wake ameanza tena sifa, ila upepo umegeuka.

"Daktari mwenyewe alistaajabu," alikuwa akisema. "Amekaa kazini miaka mingi, mtoto mgumu kama huyu wangu hajamwona. Mkoa mzima! Kijana wa pale aliandika mpaka wino ukamwishia."

Jirani mmoja alijaribu kusema kwamba mjukuu wake naye halali usiku. Bi Sayrakan alimuuliza kama anamzungusha jiko. Yule akasema la, anampa maziwa tu. Bi Sayrakan alimtazama kwa huruma, kama mtu mwenye farasi anavyomtazama mwenye punda, akamsogezea siagi.

Simu ya Aizat ililia mfukoni. Alitoka akasimama ukumbini kati ya viatu vya wageni. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa karakana: gari limeondoka Naryn bila yeye, dereva amelalamika, na kuna oda ya magauni ya shule ambayo haingoji mtu. Je, atakuja na gari la kesho?

Kutoka ndani ilikuja sauti ya vicheko, na juu ya vicheko sauti ya Bi Sayrakan ikiita kwamba chai imekwisha, mkwe wake yuko wapi, na huyu mtoto anataka kumegewa mkate na leo zamu ya kumega si yake.

"Cherehani yangu mpe mwingine," alisema Aizat. "Mimi naitwa."

Alizima simu, akanawa mikono, akaingia kumega mkate.